Ziara ya Viwanja Vilivyozikwa: Siku Saba Kutoka Boston Hadi Chicago

Siku ya kwanza, 9 Oktoba. Boston

"Ziara ya nani?" aliuliza shemeji tulipokuwa tunapakia gari. Kwenye simu nilimwambia tunakwenda ziara, naye kwa akili ya kwao Bagamoyo akadhani kuna sharifu kazikwa Pennsylvania. Nikamweleza kwamba tunakwenda kuzuru viwanja vya besiboli ambavyo havipo tena, vile vilivyochezewa fainali wanayoiita World Series. Alicheka mpaka akaegemea mlango. Lakini likizo alikuwa ameshaomba, na dada yake, yaani mke wangu, alikuwa ameshatufungia chapati na chupa mbili za chai ya tangawizi. Tukatoka Worcester saa kumi na moja alfajiri.

Mimi besiboli nimefundishwa na mgonjwa. Miaka minne nilifanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, na mzee wa chumba cha mwisho ilikuwa ikifika Oktoba hamezi dawa mpaka mechi iishe. Nikawa nakaa naye. Alikuwa mtu wa Boston damu. Mwaka 1986, ambao Boston walifungwa fainalini, hakuutaja kwa jina; alikuwa akisema tu "mwaka ule", kisha anageukia ukuta.

Kwa ambaye hajawahi kuutazama mchezo: mrushaji anarusha, mpigaji ana gongo (la mti, si lile la chupa). Akiupiga mpira anakimbia vituo vitatu na kurudi alipoanzia, kwenye bamba la nyumbani, na hiyo ndiyo pointi. Kila timu ina zamu tisa. Ukivuka uzio ni homurani, anazunguka vituo kwa madaha.

Kaburi la kwanza liko ndani ya Chuo Kikuu cha Northeastern. Hapo palikuwa na uwanja wa Huntington Avenue, na hapo ndipo ilipochezwa mechi ya kwanza kabisa ya fainali hii, tarehe 1 Oktoba 1903. Sasa kuna kijibustani kati ya majengo, na sanamu ya mrushaji Cy Young ameinama kidogo, anatazama mbele. Ukifuata macho yake unafika kwenye bamba lililolazwa chini mahali pa bamba la nyumbani. Shemeji alipima kwa miguu: hatua ishirini na kidogo. Wanafunzi walitupita na vikombe vyao vya kahawa, hakuna aliyegeuka.

Wakati ule ligi zilikuwa mbili, kama majirani wasiosalimiana. National League ilianza 1876 na ilijiona mwenye mji. American League ilijitangaza ligi kuu mwaka 1901 ikaanza kuwanyakua wachezaji wa wenzake kwa mishahara minono. Mwanzoni mwa 1903 wakapatana, na baadaye mwaka huohuo mwenye timu ya Pittsburgh, Barney Dreyfuss, akaelewana na mwenzake wa Boston kwamba mabingwa wa pande mbili wacheze. Hakukuwa na shirikisho lililoagiza. Matajiri wawili walipeana mikono, basi. Mechi tisa, atakayetangulia kushinda tano ndiye bingwa.

Pittsburgh walishinda ile ya kwanza 7-3, Cy Young mwenyewe akiwa ndiye mrushaji aliyepigwa. Wakaongoza 3-1. Halafu likaingia jambo lililomwamsha shemeji. Mashabiki wa Boston, waliojiita Royal Rooters, walisafiri na bendi hadi Pittsburgh, wakachukua wimbo uliokuwa unavuma na kuugeuza maneno ili kumkejeli Honus Wagner, mpigaji hodari kuliko wote wa Pittsburgh. Wakauimba mechi baada ya mechi. Wagner akawa hapigi cha maana, na Boston wakashinda nne mfululizo.

"Kumbe mipasho!" alisema shemeji. Kuanzia hapo sikuhitaji kumbembeleza.

Wagner ndiye aliyetolewa wa mwisho, tarehe 13 Oktoba, baada ya kukosa mpira mara tatu. Na kituko cha mwisho: Dreyfuss alichukua fungu lake la viingilio akawagawia wachezaji wake, hivyo kila aliyeshindwa akaondoka na dola 1,316 na kila bingwa dola 1,182.

Fenway, uwanja wa Boston tangu 1912, tuliupita kwa nje. Ule uko hai, hauhitaji dua. Jioni tukashika njia ya New York.

Siku ya pili, 10 Oktoba. Harlem

Tumeegesha gari Edgecombe Avenue, juu ya jabali linaloitwa Coogan's Bluff. Chini yake palikuwa Polo Grounds, uwanja wa New York Giants. Ulivunjwa 1964, na sasa ni maghorofa marefu ya makazi. Kilichobaki ni ngazi tu. Zinateremka kutoka barabarani, na kwenye jukwaa la katikati maandishi yanasema hii ni ngazi ya John T. Brush.

Huyu Brush ndiye aliyenileta. Mwaka 1904 alikuwa mwenye Giants, mabingwa wa ligi yao, na Boston walikuwa mabingwa tena upande wa pili. Watu wakasubiri fainali. Brush na kocha wake, John McGraw, wakakataa. Hoja yao ilikuwa kwamba ile nyingine ni ligi ya ovyo, hawana sababu ya kucheza nayo. Ukweli ni kwamba kulikuwa na ugomvi wa zamani kati ya McGraw na mkuu wa American League. Fainali haikuchezwa, na hapakuwa na wa kuwalazimisha, maana mkono uliopeanwa 1903 haukumfunga yeyote. Tangu hapo imekosekana mara moja tu nyingine, 1994, wachezaji walipogoma mwezi Agosti juu ya mishahara na msimu ukafia hapo.

Brush alitukanwa hata na watu wake. Basi mwaka uliofuata yeye mwenyewe ndiye aliyeandika kanuni za kuifanya fainali iwe ya kila mwaka, na Giants wake wakaitwaa, mrushaji Christy Mathewson akicheza mechi tatu bila kuruhusu pointi hata moja. Ngazi zilijengwa 1913, baada ya yeye kufariki.

Tuliketi pale katikati tukala chapati. Nikamsimulia shemeji kisa cha mpangaji. Kuanzia 1913 Yankees, timu nyingine ya New York, hawakuwa na kwao, wakapanga kwa Giants hapo chini. Kodi walilipa, maisha yakaenda. Halafu Januari 1920 ikatangazwa kwamba Boston wamewauzia Yankees kijana mmoja anaitwa Babe Ruth, na ghafla mpangaji akawa anajaza ua wa mwenye nyumba kuliko mwenye nyumba mwenyewe. Fainali za 1921 na 1922 zilikuwa Giants kwa Yankees, na mechi zote zilichezwa uwanja huohuo mmoja, kama Simba na Yanga pale kwa Mkapa. Giants walishinda zote mbili, lakini roho ilikuwa imeshawauma, na mpangaji walikuwa wameshamwambia ahame.

"Akahamia wapi?"

Nikamwonyesha ng'ambo ya mto Harlem. Yankee Stadium ilifunguliwa Aprili 1923, mwendo wa miguu kutoka kwa mwenye nyumba, na Oktoba ile ile Yankees wakaifunga Giants na kupata ubingwa wao wa kwanza. Sasa wanao 27, hakuna wa kuwasogelea. Giants walihamia San Francisco baada ya msimu wa 1957. Ngazi hizi zilipokarabatiwa miaka ya karibuni, Yankees nao walikuwemo kwenye waliochanga.

Jioni tulivuka kwa miguu kupitia daraja la Macombs Dam. Hata uwanja ule wa 1923 haupo, umevunjwa, wamejenga mwingine kando yake na pale pa zamani ni viwanja vya watoto. Hapo ndipo Don Larsen, tarehe 8 Oktoba 1956, alipowarushia wapigaji 27 wa Brooklyn na kuwatoa wote 27 bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Kwenye fainali hakuna mwingine aliyewahi. Watoto wawili walikuwa wanacheza kandanda.

Siku ya tatu, 11 Oktoba. Brooklyn

Mvua tangu asubuhi. Ebbets Field, uwanja wa Brooklyn Dodgers, nao ni maghorofa. Kuna jiwe ukutani linalosema uwanja ulikuwa hapa, na kwa miaka mingi palikuwa pia na kibao kinachokataza kucheza mpira. Nilicheka peke yangu chini ya mwavuli.

Hapa shemeji aliuliza swali nililokuwa nalingoja tangu Boston: "Na weusi walikuwa wapi miaka yote hiyo?"

Walifungiwa nje. Hapakuwa na kifungu cha kanuni kinachosema hivyo, ni makubaliano ya kimyakimya ya wenye timu. Wakaunda ligi zao na fainali yao: ya kwanza ilikuwa 1924, Kansas City Monarchs waliposhinda Hilldale ya Pennsylvania mechi tano kwa nne. Mwaka 1947 Jackie Robinson akavaa jezi ya Dodgers hapa Brooklyn, na Oktoba ile akawa mweusi wa kwanza kucheza World Series, mwaka huohuo ambao fainali ilionyeshwa kwenye televisheni kwa mara ya kwanza.

Dodgers walifungwa na Yankees 1941, 1947, 1949, 1952 na 1953. Kauli ya mashabiki wao ikawa "subiri mwakani". Mwakani ikafika 1955. Mechi ya saba, wanaongoza 2-0, Yankees wana watu wawili vituoni, mpira ukapigwa kule pembeni kabisa kushoto. Sandy Amorós, Mkuba, aliyekuwa ameingia zamu hiyohiyo, akakimbia na kuudaka kwa mkono wa kulia ulionyooshwa. Alikuwa anarusha kwa kushoto, kwa hiyo glavu aliivaa kulia. Aliyekuwa akicheza pale kabla yake angelazimika kuufuata kwa mkono wa upande wa pili. Ubingwa ule ndio pekee Brooklyn waliowahi kuupata. Miaka miwili baadaye timu ikahamishiwa Los Angeles.

Shemeji alilitazama lile jiwe muda mrefu. "Mtu anahama na timu? Kwetu wangemchoma moto."

Siku ya nne, 12 Oktoba. Njiani

Kilomita karibu 600. Pancha moja. Nyumba ya wageni tuliyofikia nje ya Pittsburgh ilikuwa na harufu ya soksi, na maji ya moto yalikwisha kabla sijajimwagia. Shemeji, aliyezoea kulala ndani ya lori, alikoroma kama kawaida.

Siku ya tano, 13 Oktoba. Pittsburgh

Safari nzima niliipanga kuzunguka siku hii.

Mtaa wa Oakland, ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Pittsburgh, umesimama ukuta wa matofali wenye majani yanayotambaa. Ni kipande cha uzio wa Forbes Field, uwanja ulioachwa 1970. Umeandikwa 457 kwa futi, umbali hadi kwenye bamba la nyumbani, kama mita 139. Bamba lenyewe liko ndani ya jengo la chuo, chini ya kioo sakafuni, watu wanalikanyaga wakienda darasani. Na kwenye njia ya waenda kwa miguu wamepachika mstari wa matofali kuonyesha uzio wa kushoto ulikopita.

Kila tarehe 13 Oktoba watu hukusanyika hapa kusikiliza matangazo ya redio ya mechi ya saba ya mwaka 1960, kuanzia saa saba mchana, kwa saa zilezile. Wanajua matokeo. Wengine walikuwepo. Wanaleta viti vya kukunja na kofia kuukuu, wanasikiliza kama vile huenda leo mambo yakawa mengine.

Tulisimama nyuma ya mzee mmoja aliyevaa koti la mvua la njano. Kila mpigaji alipotajwa alisogeza midomo kabla ya mtangazaji.

Mjue hali ilivyokuwa. Katika mechi sita za mwanzo Yankees walishinda tatu: 16-3, 10-0 na 12-0. Pittsburgh walishinda tatu kwa kubahatisha. Hadi mwisho wa fainali Yankees walikuwa na pointi 55, Pittsburgh 27. Mechi hii ya saba Pittsburgh walianza kwa 4-0, wakapinduliwa, na kufikia zamu ya nane walikuwa nyuma 7-4. Hapo Bill Virdon akapiga mpira wa chini, wa kawaida, unaomwendea Tony Kubek wa Yankees mikononi. Mpira ukagonga kitu ardhini, kokoto inasemekana, ukaruka na kumpiga Kubek kooni. Kwenye redio unasikia watu wakishtuka. Mzee wa koti la njano alikunja vidole vya mkono wa kulia, akavitikisa kama mtu aliyeshika kijiwe.

Sisi tuliokulia viwanja vya vumbi kokoto tunaijua. Shemeji alinifinya begani: "Hii ya mchangani kabisa."

Badala ya wawili kutoka, hakutoka hata mmoja. Mpaka zamu hiyo inakwisha, Hal Smith kapiga homurani ya pointi tatu na Pittsburgh wako mbele 9-7. Yankees wakasawazisha, 9-9. Zamu ya tisa, mpigaji wa kwanza wa Pittsburgh ni Bill Mazeroski, anayesifika kwa kudaka, si kwa kupiga. Umati ukanyamaza. Saa tisa na dakika 36, mrusho wa pili, mtangazaji anapaza sauti, mpira unakwenda kushoto, Yogi Berra anaufuata hadi ukutani na kuutazama ukimpita juu. Imekwisha, 10-9. Ilikuwa mara ya kwanza fainali kumalizwa kwa homurani, na hadi leo hakuna mechi nyingine ya saba iliyomalizwa hivyo. Watu pale mtaani walishangilia kweli, wakakumbatiana. Mimi nilikumbatiwa na mama nisiyemjua.

Lililonichekesha ni hili: kwenye kanda hiyo mtangazaji anasema mpira umerushwa na Art Ditmar. Si kweli. Aliyerusha ni Ralph Terry. Ditmar alikuwa pembeni anapasha misuli. Mtangazaji alichanganyikiwa kwa presha ya dakika ile, na kila mwaka, mbele ya umati, Ditmar anatajwa tena kwa kosa ambalo hakulitenda. Na tuzo ya mchezaji bora wa fainali? Alipewa Bobby Richardson wa Yankees, upande ulioshindwa.

Kabla ya giza tulipita PNC Park, uwanja wao wa sasa kando ya mto. Nilitaka shemeji apaone. Hapo Aprili 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu ya Marekani, na mara yake ya kwanza kusimama kupiga akaupiga mpira na kufika kituo cha kwanza. Shemeji akakumbuka vijana wa shule ya Azania pale Dar, kwenye uwanja uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Alikuwa akipita na daladala, asielewe wanafanya nini na yale magongo. Leo, alisema, angeshuka.

Siku ya sita, 14 Oktoba. Cincinnati

Tumefika mchana, hakuna cha kuona. Mahali pa uwanja wa 1919 pana majengo ya biashara. Nilitaka tu kusimama mtaa ule dakika tano.

Kuuza mechi hakuhitaji maelezo kwa mtu wa kwetu. Chicago White Sox walikuwa timu bora ya mwaka ule, wakafungwa na Cincinnati mechi tano kwa tatu. Ishara kwa wacheza kamari ilikuwa mrushaji wao, Eddie Cicotte, ampige mpigaji wa kwanza kwa mpira. Alimpiga Morrie Rath mgongoni kwa mrusho wake wa pili. Dola 10,000 alikuwa ameshazikuta chini ya mto wa kulalia, kama alivyokuja kukiri. Wenzake wengi walizungushwa: waliahidiwa mafungu, wakapata vipande. Na mrushaji mdogo Dickie Kerr, ambaye hakuwemo kwenye mpango, alishinda mechi zake mbili huku nusu ya wenzake wakivuta nyuma. Huyo ndiye ninayemwonea huruma.

Mahakama iliwaachia Agosti 1921. Kesho yake Jaji Landis, kamishna mpya wa mchezo, akawafungia wanane maisha yao yote.

Siku ya saba, 15 Oktoba. Chicago

Bamba la nyumbani la uwanja wa zamani wa White Sox liko kwenye maegesho ya magari, kibao cha marumaru kati ya mistari ya kuegeshea. Hapa alisimama Buck Weaver. Alihudhuria vikao vya hongo, hakuchukua senti, na alicheza vizuri fainali nzima. Alifungiwa kwa kukaa kimya. Aliishi Chicago akiomba kusafishwa jina hadi alipofariki 1956. Joe Jackson, aliyepokea fedha, aliondolewa kwenye orodha ya waliofungiwa mwaka 2025 pamoja na wenzake wote marehemu, Weaver akiwemo. Hakuna kati yao aliyekuwa hai kusikia.

Wrigley Field, upande wa kaskazini, tumefika saa kumi jioni. Huu nao uko hai, lakini nilimwahidi shemeji kisa cha mbuzi. Mwaka 1945 mwenye baa mmoja, Billy Sianis, alikuja fainalini na mbuzi wake, mbuzi akakataliwa, na inasemekana mtu akalaani. Cubs, timu ya uwanja huu, walikuwa hawajatwaa ubingwa tangu 1908. Wakaendelea kuukosa hadi 2016, miaka 108. Usiku ule wa Novemba walicheza Cleveland, mechi ya saba, mvua ikakatiza dakika 17 baada ya zamu ya tisa, wakarudi na kushinda 8-7 katika ya kumi.

Siku zile watu wa Chicago walikuja kwenye kuta hizi za matofali na chaki. Waliandika majina ya baba zao na bibi zao waliokufa wakisubiri. Ukuta ukajaa hadi mikono isipofika, wakaleta ngazi. Leo ni safi, mvua ilishaosha kitambo. Nilipitisha kiganja juu ya matofali. Yana ubaridi tu.

"Tungekuwa na chaki," shemeji akasema, "ungemwandika yule mzee wako?"

"Wa Boston? Hapa? Mwaka 1918 timu yake iliwafunga hawahawa. Angefufuka aje ajifute."

Shemeji akatazama saa. Maegesho tulilipia saa moja tu, na mtu mwenye kijitabu cha faini alikuwa ameshafika gari la tatu kutoka letu.